Mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama: kifungu hiki kibaki au kifutwe?

BABA NEEMA (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili hili kwa hoja.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto inapoamua akae na nani. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kifungu kidogo cha tatu, kinachosema ichukuliwe kuwa ni heri mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hayo ya kuthibitisha yameandikwa tu. Baba ukisimama mbele ya hakimu unaulizwa umri wa mtoto, ukisema minne, kesi imekwisha. Mimi na mama Neema tuliachana bila kipigo wala ulevi. Nina kazi, nina nyumba, mama yangu mzazi yupo na anampenda mjukuu wake. Katika yote hayo sikuulizwa hata moja. Leo kumwona mwanangu ni mpaka niombe, na jibu linategemea niliyemwomba kaamkaje siku hiyo.

Ile ni sheria ya enzi ambazo wanaume wengi hawakuwahi kumwogesha mtoto, na bado inawahukumu kina baba wa leo. Naona kifungu kidogo hicho kifutwe, wazazi wasimame sawa, kila shauri lisikilizwe lenyewe. Na tukumbuke kwa mila zetu Waafrika mtoto ni wa baba. Haya ya mtoto kumfuata mama tumeletewa na wazungu.

Nawasilisha.

TUNU WA MBAGALA
Pole kaka. Swali moja tu: huyo mtoto wa miaka minne akishikwa na homa saa nane za usiku, atakayeamka ni wewe au bibi yake?

BABA NEEMA
Dada Tunu, maswali kama hayo ndiyo yanayotuumiza. Neema alilazwa bado ananyonya, mama yake yuko kwenye mitihani ya chuo. Aliyelala kwenye benchi la wodi ni mimi. Kila muuguzi aliyeingia aliniuliza mama wa mtoto yuko wapi, kama vile mimi nilikuwa napita tu. Mkimwona mwanamume mnaona pochi. Na bibi mzaa baba ana kosa gani? Watoto wangapi mjini hapa wanashinda na dada wa kazi, mama yuko ofisini, na hakuna hakimu anayeuliza?

TUNU WA MBAGALA
Mama yuko ofisini kwa sababu kodi ya nyumba hailipwi kwa mapenzi ya baba. Usitusimange kwa kufanya kazi. Tukikaa nyumbani mnatuita tegemezi, tukitoka mnasema tumewaachia watoto dada wa kazi.

BINTI MATOMBO
Mleta mada, hoja yako ya kifungu ningekaa nikaisikiliza. Ila hapo mwisho umenigusa pabaya. Mila zetu zipi?

Mimi ni Mluguru. Kwetu mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na ilikuwa hivyo kabla mzungu hajakanyaga mlima wetu. Mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Shamba ni la ukoo wa mama. Mwanamume akishindwana na mkewe anakusanya vyake anarudi kwa mama yake, watoto wanabaki walipo, wala hakuna kesi ya kugombea mtoto. Tena hatuko peke yetu. Wakaguru, Wakwere, Wazaramo, Wazigua, Wanguu, halafu shuka kusini kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao. Wote hao unawafuta kwa sentensi moja. Sisi si Waafrika?

NYANDA WA SHY
Binti Matombo usituchanganye. Ninyi baba kwenu ni mgeni, anakuja na mkeka anaondoka na mkeka. Kwetu Usukumani mtu anatoa ng'ombe. Mimi nimetoa ng'ombe kumi na wawili, wazee wameshuhudia. Baada ya hapo mtoto ni wangu, hata mama akiondoka naye akiwa ananyonya, akikua atarudi. Ambaye hajatoa ng'ombe, hata afanane na mtoto mpaka kucha, mtoto ni wa babu yake mzaa mama hadi alipe. Huo ni utaratibu, kila mtu anajua pa kusimama.

BINTI MATOMBO
Umejijibu mwenyewe. Mtoto anafuata ng'ombe, hafuati baba. Baba asiye na ng'ombe hana mtoto. Basi msiseme mila inampa baba mtoto, semeni inampa mwenye zizi.

NYANDA WA SHY
Zizi unalolidharau limesomesha watu, limelisha watu mwaka wa njaa. Ng'ombe wale ni heshima kwa wazazi wa binti. Usiongee kama mtu kanunua mbuzi mnadani.

NG'WANA KAHAMA
Kaka Nyanda, na mimi ni Msukuma kama wewe, na baba yangu alipokea ng'ombe kwa ajili yangu. Hiyo heshima sema yote. Shangazi yangu alikuwa anapigwa. Alirudi nyumbani akiwa na jino limevunjika, wazee wakakaa, wakamrudisha kwa mumewe, kwa sababu wale ng'ombe walishatumika kumwolea kaka yake mke na zizini hakukuwa na wa kurudisha. Ndoa ya kaka huyo ilikuwa imesimama juu ya mgongo wa dada yake. Na ilipofika akaondoka kabisa, watoto walibaki kwa mume. Alikuwa akiwaangalia sokoni kwa mbali.

NYANDA WA SHY
Huo ni ukoo wenu. Usitupake wote.

MSOMI WA MWANZO
Nimesoma yote. Nafanya kazi za mashauri ya ndoa, mahakama za mwanzo na za wilaya, naomba niweke mambo kadhaa mahali pake.

Hizo mila za "mtoto ni wa baba" ziliingia kwenye maandishi ya serikali kwa Tangazo Na. 279 la 1963. Tumepata uhuru, serikali inataka mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwe sheria moja, na kazi hiyo ilitegemea sana kumbukumbu za Hans Cory, mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, mzaliwa wa Austria. Humo mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa baba, na kuna hesabu za mahari kurudishwa ndoa ikivunjika. Makabila ya ukoo wa mama, hao kina Binti Matombo, hayakuingizwa.

Kisha ukaja Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, wananchi wakatoa maoni, na 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa iliyokusanya ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja. Mambo makubwa yalibadilika humo. Kutolipwa mahari hakubatilishi ndoa. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Talaka haitolewi tena barazani kwa wazee, inatolewa na mahakama ikiridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kabla ya hapo lazima mpitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Sasa kifungu cha 125 chenyewe. Ustawi wa mtoto kwanza. Halafu matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na desturi za jamii ya wahusika. Hiyo miaka saba ni dhana, na dhana inavunjwa kwa ushahidi. Tena kifungu hicho hicho kinaikumbusha mahakama kwamba kumhamisha mtoto huku na huku kunamvuruga. Tatizo ninaloliona ni kwamba kina baba wengi wanakuja mikono mitupu. Hawaombi taarifa ya afisa ustawi wa jamii, hawaleti shahidi anayejua mtoto alikuwa analishwa na nani. Wanasema "mimi ndiye baba" wanakaa chini.

KIPANGA
Kumbe hizo mila zenyewe ziliandikwa na mzungu! Na mleta mada analalamika tumeletewa mambo na wazungu.

NYANDA WA SHY
Cory aliandika alichoambiwa na wazee wetu. Hakutunga. Usukuma ilikuwepo kabla yake na ipo baada yake.

TUNU WA MBAGALA
Aliambiwa na wazee, na wazee hao walikuwa wanaume. Mimi ningependa kujua bibi zetu wangemwambia nini.

ABU SWAFIYA, TANGA
Assalaam alaykum. Ndugu mleta mada, na mimi nitaomba tofauti kidogo. Mtoto mdogo kukaa na mama yake hakukuletwa na mzungu. Watu wa pwani tulikuwa tukihukumiwa na makadhi kabla Mjerumani hajaweka bendera Bagamoyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani yetu hii, malezi ya mtoto mdogo, hadhana, ni haki ya mama. Mtoto akifika umri wa kupambanua, ambao wanazuoni wanaukadiria kuwa miaka saba, huchaguzwa baina ya baba na mama. Na muda wote huo matumizi ni juu ya baba: chakula, mavazi, makazi, hata ujira wa mama kumnyonyesha mtoto baada ya talaka umetajwa katika Suratul Talaka.

Iko hadithi aliyoipokea Abu Daud. Mwanamke mmoja alimwendea Mtume (SAW) akamwambia kwamba tumbo lake lilikuwa chombo cha mtoto huyu, ziwa lake kinywaji chake na mapaja yake kimbilio lake, na sasa baba yake amempa talaka na anataka kumnyang'anya. Mtume akamwambia yeye ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa.

MAMA WAWILI
Sheikh, nimekufuata vizuri mpaka maneno ya mwisho. Maadamu hajaolewa.

Mimi niliachwa na wawili, mdogo hajaanza kutembea. Baba yao alioa kabla eda yangu haijaisha. Hakuna aliyemwambia kuwa akioa atapoteza kitu. Mimi nilipopata mtu wa kunistiri, nilienda kwenye baraza moja kuulizia, nikajibiwa nikiolewa watoto warudi kwa baba yao. Kwa mke yule? Nikamkataa yule mtu. Naomba unijibu kwa utaratibu, kwa nini ndoa mpya ya baba haimdhuru mtoto, na ya mama inamdhuru?

ABU SWAFIYA, TANGA
Dada yangu, pole sana. Kwanza sharti lile linahusu mume asiye na undugu na mtoto. Pili, haki ikitoka kwa mama hairukii kwa baba. Kwa Shafi inakwenda kwa bibi mzaa mama. Kama mama yako yu hai na ana uwezo, watoto walikuwa wake kabla ya mtu mwingine. Aliyekwambia warudi kwa baba alikupa nusu ya hukumu.

MAMA WAWILI
Mama yangu yu hai, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nusu hiyo aliyoificha ilinigharimu ndoa.

FUNDI UJENZI
Sharti lina maana lakini. Tunasikia kila siku baba wa kambo wanavyowafanyia watoto. Mwanamume hawezi kumlea mtoto wa mwenzake kwa moyo mmoja.

TUNU WA MBAGALA
Na mama wa kambo? Tumekua tukihadithiwa ukatili wake tangu utotoni, mbona hamkuweka sharti baba asioe?

FUNDI UJENZI
Mwanamume hawezi kukaa bila mke.

NG'WANA KAHAMA
Mama Wawili amekaa. Wewe unashindwa nini?

MKAAJI LEICESTER
Niko Uingereza miaka mingi, naomba niongeze kidogo kuhusu hao wazungu mnaowapa sifa na lawama wasizostahili.

Hapa, karne ya 19, mtoto wa ndoa alikuwa wa baba kwa sheria, asilimia mia. Mama hakuwa na lolote. Kulikuwa na mwandishi anaitwa Caroline Norton, mumewe alimshtaki waziri mkuu Melbourne mwaka 1836 kwamba amezini naye. Mume alishindwa kesi. Pamoja na kushindwa, akawachukua watoto wao watatu wa kiume akawapeleka mbali, na sheria ikawa upande wake. Yule mama akaandika, akawasumbua wabunge, mpaka 1839 ikapitishwa sheria ya kwanza kumruhusu mama aombe mahakamani akae na mtoto wa chini ya miaka saba. Aombe tu. Na mama aliyethibitika amezini hakuruhusiwa hata kuomba. Mtoto mdogo wa Caroline alianguka kutoka kwenye farasi akafa mwaka 1842, mama akafika amekwisha kufa.

1873 umri ukapandishwa hadi miaka 16. 1925 ndipo sheria ikasema ustawi wa mtoto utangulie na mahakama isimpe baba nafasi ya juu kuliko mama. Na haki sawa kamili za ulezi kwa mama, nje ya mahakama, ni 1973. Mnaona? Sheria ya Tanzania ya 1971 inamtambua mama wakati huku bado hawajamaliza.

Na talaka vile vile. Tangu 1857 mume aliweza kumwacha mke kwa uzinzi peke yake, mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine zito, ukatili au kutelekezwa. Hilo lilidumu mpaka 1923. Binti wa Kiislamu wa Lamu wakati huo alikuwa na khului (mke kujivua ndoa kwa kurudisha mahari) na fasikhi (kadhi kuvunja ndoa), angalau mlango wa kwenda kwa kadhi ulikuwepo.

KIPANGA
Sasa miaka saba ya sheria yetu ilitoka kwa Shafi au kwa huyo mama Norton? Maana zote mbili ni saba.

ABU SWAFIYA, TANGA
Shafi alifariki mwaka 820. Wewe jihesabie nani alitangulia.

MKAAJI LEICESTER
Kutangulia si hoja, sheikh. Walioandika sheria ya 1971 walisomea sheria ya Kiingereza. Lakini sitaki kugombana nawe, hadithi yako imenigusa.

WA NYALI
Ndugu zetu wa Tanzania, sisi Kenya tushavuka hapo, angalau kwenye karatasi. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inampa mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili, na jukumu lao ni sawa wawe walioana au la. Lakini tulifika hapo kwa kupitia njia mbaya. Mwaka 1959 kuliwekwa sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumpeleka baba mtoto mahakamani alipe. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Wanaume walisema wasichana wanaitumia kuwakamua pesa. Wakati huo hakuna mwanamke aliyekuwa amechaguliwa kuwa mbunge, Grace Onyango alichaguliwa mwisho wa mwaka huo huo, sheria imeshazikwa. Kizazi kizima cha watoto kililelewa na nyanya zao kwa ajili ya kura ile.

Kwa hiyo bwana mleta mada akisema wazazi wasimame sawa, mimi namuunga mkono, lakini usawa wa jukumu uje kwanza. Pesa ya unga ije kwanza.

GONGO LA MBOTO MWISHO
Ninyi mliifuta, sisi tuliiacha ikaoza mahali ilipo. Sheria yetu ya kikoloni ya watoto wa nje ya ndoa ilimtaka baba alipe kisichozidi shilingi mia moja kwa mwezi. Mia moja! Ikakaa hivyo hivyo vitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Mwaka huo mia haikununua mkate. Kuna wanaume walikuwa wanaweza kusimama mahakamani wakasema wametimiza wajibu wao kwa mujibu wa sheria.

BABA NEEMA
Mimi silipi mia. Ada nalipa, bima ya afya nalipa, matumizi natuma kila mwezi kabla hata mshahara haujatulia. Wanaokwepa wapo, siwatetei hata kidogo, nawachukia kuliko mnavyowachukia ninyi kwa sababu wao ndio wanaotufanya tuonekane wote sawa. Lakini hela ikishatumwa huna pa kuuliza imekwenda wapi. Nilimkuta mwanangu amevaa viatu vilivyopasuka mwezi ambao nilituma ya viatu.

TUNU WA MBAGALA
Labda ya viatu ilikula gesi. Unajua mtungi bei gani?

BABA NEEMA
Ya gesi nilituma mbali.

FUNDI UJENZI
Mnamsumbua bure. Ukweli ni kwamba mwanamke siku hizi ndoa kwake ni mradi. Anaolewa, anakaa miaka kumi, hajabeba hata tofali, halafu sheria inampa nusu kwa nusu. Mtoto wake, nyumba nusu yake, na matunzo juu. Mimi nyumba nimejenga kwa mikono hii.

NG'WANA KAHAMA
Ulipokuwa unajenga, ulikuwa unakula kwa nani? Nguo zako zenye saruji alikuwa anafua nani? Ulipoanguka kwenye jukwaa aliyekuwa anakugeuza kitandani ni nani? Maana wanaume wa ujenzi tunawajua, tumewauguza.

MSOMI WA MWANZO
Fundi, hakuna sheria inayosema nusu kwa nusu. Kifungu cha 114 kinataka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, iangalie desturi, madeni, mahitaji ya watoto. Hayo yakishapimwa ndipo ielekee kwenye usawa. Kuelekea. Nimeona mama akipata robo, na nimeona akipata zaidi ya nusu.

Na hiyo ya "hajabeba tofali" ilijibiwa mwaka 1983 na Mahakama ya Rufani, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, akiwa Jaji Mkuu Nyalali. Kabla ya hapo majaji waligawanyika, wengine wakisema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke, si mchango. Bi Hawa huko chini alionekana ni mke tu, nyumba kajenga mume. Mahakama ya Rufani ikasema hapana, kulea, kupika na kutunza nyumba ni kazi, na kazi hiyo ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Tangu siku hiyo hakuna hakimu anayeweza kukataa hilo bila kuipinga Rufani.

Jambo ambalo watu hawalisemi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu kwenye nyumba ile. Ilionekana mume alimpa fedha za biashara ya familia naye akazitumia vibaya, ikahesabiwa ameshapata fungu lake. Kina mama wote wa Bara wanagawana mali kwa jina lake, na yeye alitoka mikono mitupu.

MAMA WAWILI
Hili sikulijua. Nimeacha kwanza kuosha vyombo.

MIE WA NG'AMBO
Mnasema Tanzania, Tanzania, lakini hiyo sheria yenu ya 1971 haivuki bahari. Zanzibar mambo ya ndoa na talaka za Waislamu ni ya kadhi. Kwetu mwanamke alikaa na mume miaka ishirini, akapika mandazi alfajiri, akashona makofia mpaka macho yakafa, pesa ikaingia kwenye nyumba ya mume. Talaka ikitoka, anaondoka na mabegi yake ya nguo na kitoka nyumba, yaani kiliwazo cha kuachwa, tena akipewa. Sheria mpya ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 ndiyo imemruhusu kadhi agawe mali iwapo kuna mchango halisi. Sasa tunabishana mchango halisi ni upi. Makofia yanahesabika, kila kofia ina bei yake. Kulea watoto sita je?

WA NYALI
Kwetu pia hapo ndipo ugomvi ulipo. Mahakama ya Juu mwezi Januari 2023 ilisema Katiba kusema wanandoa ni sawa hakumaanishi mali inakatwa kati kati moja kwa moja. Kila mtu athibitishe mchango wake. Na kazi ya nyumbani inahesabiwa, sheria ya 2013 imeitaja. Lakini utathibitishaje uji uliopika 2009? Risiti huna.

FUNDI UJENZI
Kila mtu athibitishe. Hilo ndilo nililosema tangu mwanzo.

NG'WANA KAHAMA
Ulisema nusu kwa nusu. Panda juu usome.

BINTI MATOMBO
Mimi bado namngoja mleta mada anijibu kuhusu mila.

BABA NEEMA
Binti Matombo, baba yangu Mchaga, mila niliyokulia ndiyo hiyo na siwezi kuikana. Ninyi na mjomba wenu na sisi na baba yetu, tuliobaki bila mtoto tunaumia sawa. Hebu niambie, huyo baba wa Kiluguru anayeondoka na mkeka, hakuna aliyewahi kumsikia akilia?

BINTI MATOMBO
Baba yangu alikuwa anakuja kila Jumamosi na ndizi. Hakuombwa na hakuzuiwa. Hilo ndilo ninalokwambia. Kwetu mtoto kuwa wa ukoo wa mama hakumfukuzi baba mlangoni. Kinachokufukuza wewe ni ugomvi wenu wawili, na hata wakifuta kifungu ugomvi utabaki.

NYANDA WA SHY
Sasa angalau amekubali baba anakuja na kitu mkononi.

MSOMI WA MWANZO
Baba Neema, nikuulize kama ningekuuliza ofisini. Ulipopewa talaka, uliomba amri ya kumwona mtoto?

BABA NEEMA
Hapana. Tulikubaliana kwa mdomo. Nilidhani tukiachana kwa amani, amani itaendelea.

MSOMI WA MWANZO
Basi rudi mahakama ile ile. Amri ya malezi inaweza kubadilishwa hali zikibadilika, na huna haja ya kuvunja dhana ya miaka saba ili upate siku zako. Peleka maombi yenye siku na saa: mwisho wa wiki kuanzia lini hadi lini, nusu ya likizo, nani anamfuata, nani anamrudisha, akiugua nani anajulishwa. Omba afisa ustawi wa jamii afike nyumbani kwako na kwa mama yake, aandike alichokiona. Risiti za ada na bima ambatisha zote. Na mwalimu wake wa chekechea, kama huwa unakwenda shuleni, ni shahidi mzuri kuliko mama yako mzazi.

BABA NEEMA
Nakwenda kila mkutano wa wazazi. Mwalimu ananijua kwa jina.

MAMA WAWILI
Msomi, na mimi nina swali. Mkubwa wangu sasa ana miaka tisa na baba yake ameanza kusema atamchukua kwa kuwa amevuka saba. Anaweza?

MSOMI WA MWANZO
Hawezi kumchukua kwa mdomo, dada yangu. Kuvuka saba kunaondoa dhana tu, hakumpi baba mtoto. Ustawi unabaki palepale, na kwa umri wa tisa hakimu anaweza kumwita mwanao faragha amsikilize anataka nini. Usimfundishe cha kusema. Watoto wa umri huo wakifundishwa hakimu anajua.

MAMA WAWILI
Sitamfundisha. Anajua mwenyewe.